Salamu Inayotaka Wawili

Mke wangu Kanyange alizaliwa ng'ambo, Burundi, upande wa Muyinga. Nilimwoa mwaka sitini na nne nikamleta kwetu Mugoma, kwa Wahangaza. Siku zile mpaka haukuwa kitu. Mtu alivuka asubuhi kunywa pombe ya ndizi, akarudi jioni na mchumba.

Alikuja na nguo mbili, jembe, na wimbo mmoja wenye matundu.

Nasema matundu kwa sababu ndivyo nilivyousikia. Akipalilia migomba anaimba maneno mawili, ananyamaza. Anaimba tena, ananyamaza. Nilidhani anasahau. Jirani yetu Gervasi alinipigia kelele kutoka shambani kwake, "Baba Rogasian, mpe mkeo maji! Ana kwikwi!" Kanyange alicheka naye. Hakueleza, na mimi sikuuliza. Miaka thelathini na miwili sikuuliza.

Mambo ninayosema sasa niliyajua baadaye. Kwao wanawake wana salamu ya kuimba. Inaitwa akazehe. Wawili wakikutana baada ya kupoteana wanashikana mikono, mmoja anatanguliza, mwingine anaingia katikati ya maneno yake. Ni kama wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja, mchi huu ukipanda ule unashuka. Wanaulizana watoto, ng'ombe, mashamba, wazee waliobaki. Mwishoni sauti zinakuwa moja. Mwanaume haimbi. Mtu mmoja peke yake haimbi. Aliyekuwa akimjibu Kanyange ni mdogo wake wa kike. Huyo aliuawa mwaka sabini na mbili, na nyumba yao nzima. Nafasi ambayo Kanyange alikuwa akimwachia mdogo wake aliye ng'ambo, toka hapo ikawa ya marehemu.

Wakimbizi walikuja mwaka tisini na tatu kutoka Burundi, na tisini na nne kutoka Rwanda. Walikuwa wengi kuliko miti. Baadaye miti iliisha, wao wakabaki. Tukaanza kupeleka ndizi kambini siku za mgao wa chakula, kila wiki mbili, kwa pikapu ya wachuuzi. Wao walikuwa na unga wa njano na hawana ndizi. Tulibadilishana.

Mwaka tisini na sita, siku moja ya mgao, Kanyange alitua mkungu chini, akanyoosha mgongo, akaimba yale maneno yake mawili. Akanyamaza. Kwenye foleni ya maji sauti ikajibu.

Akageuka. Akaimba tena. Sauti ikajibu tena, palepale kwenye tundu.

Mama mmoja mrefu akatoka kwenye foleni na ndoo yake.

"Wewe mama," akasema, "unajisalimia mwenyewe? Nyumbani kwako hakuna watu?"

"Watu wapo," Kanyange akamjibu. "Ila ni Wahangaza."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Yule mama hakucheka. Alitua ndoo akamshika Kanyange mikono. Hawakuwa wamejuana. Lakini waliimba mpaka watu wa foleni wakasahau kusogea. Kanyange alikuwa hajajibiwa miaka ishirini na minne, kwa hiyo salamu ilikuwa ndefu. Mkungu wetu mmoja uliibwa hapo na sikuona aliyeuchukua. Nilisimama kama gogo. Kumbe ule wimbo wa shambani ulikuwa nusu.

Mama huyo ni Ntirampeba. Alitoka kilima kisicho mbali na kwao Kanyange. Alikuwa na mwana mmoja aliyebaki na wajukuu. Toka siku ile aliniita shemeji.

Miaka sita walionana kila mgao. Waliimba ile fupi, ya watu wanaoonana mara kwa mara. Ilikwisha kabla sijamaliza kushusha mikungu. Nilizoea kuingoja. Sikuwahi kumwambia Kanyange kwamba naingoja.

Mwaka elfu mbili na mbili miguu yake ilianza kuvimba. Hospitali wakasema moyo umechoka. Wakampa vidonge, wakasema apunguze kazi. Akacheka, "Nani atapunguza kazi, migomba?"

Wakati huohuo alitokea Emilian. Alikuwa na kibanda cha kaseti Kabanga, mpakani, karibu na wabadilisha fedha. Spika yake ilipiga muziki wa Kongo tangu asubuhi mpaka basi la mwisho. Kambini alikuja kukamata sauti za kwaya ili auze. Akawasikia wale wawili.

"Shikamoo mzee. Hii kwaya ya wapi?"

"Marahaba. Si kwaya. Wanasalimiana."

"Wanasalimiana tu?"

"Tu."

"Mzee, usinitanie. Nina kaseti za Kinshasa, za Bujumbura, za Kigali, kwaya zote mpaka Biharamulo. Hii sina. Na bibi yangu mzaa mama ni wa ng'ambo! Hajawahi kuniimbia."

"Ungekuwa msichana angekuimbia."

Akawaomba waimbe kwenye mashine yake ya kurekodi. Kanyange alitaka sana. Nilimwona usoni. Binti zetu walikulia Mugoma, waliona aibu kujifunza mambo ya ng'ambo, na yeye hakuwalazimisha. Sasa alikuwa na mjukuu, Wema, na moyo uliochoka. Aliniambia usiku huo huo maneno machache: "Mimi nikienda, hii nayo imekwenda. Iwekwe mahali. Basi."

Hakuwahi kuniomba kitu kingine kikubwa.

Lakini Ntirampeba alikataa kuimba siku ile. "Hii fupi ni ya soko. Ukikamata, kamata ile ndefu. Na ndefu haiimbwi kwa mtu uliyemwona juzi."

"Danganyeni kidogo, mama," Emilian akasema.

Wote wawili walimtazama vibaya.

"Ni kama kulilia msiba wa mtu aliye hai," Kanyange akamwambia.

Wakapatana. Wataachana miezi miwili, migao minne. Kanyange asije kambini. Mgao wa tano waonane, waimbe ndefu ya kweli, Emilian akamate. Na salamu zisitumwe hata kidogo, wala kwa mtu, wala kwa kikaratasi. Salamu ikitangulia, wakikutana hakuna cha kuulizana, ndefu inakuwa fupi. Mimi niliambiwa nilinde hilo. Nikasema nitalinda.

Nikawa naenda na ndizi peke yangu. Mgao wa kwanza, wa pili, wa tatu, sikumwona Ntirampeba. Alijificha, kama tulivyopatana.

Mgao wa nne alikuja mahali nilipokaa. Alikuja kwa haraka, kitenge kinaburuza.

"Shemeji."

Nikainua mkono. "Bado wiki mbili, mama. Usinipe salamu."

"Si salamu."

"Hata kama si salamu. Nikikusikia, nitamwambia. Mimi siwezi kumficha kitu yule."

Alisimama. Wanawake wa kando wakaanza kunizomea, "Tazameni mzee anamkimbia mwanamke! Mama, mfukuze!" Wakacheka. Naye alicheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Akaondoka.

Nilirudi nyumbani na kifua mbele. Nikamwambia Kanyange, "Nimekutunzia. Alitaka kusema, nikamzuia."

Akanishukuru.

Siku ilipofika alivaa kitenge alichokiweka tangu harusi ya mwanetu Rogasian. Emilian alikuja na mashine na betri mpya. Kwenye pikapu Kanyange alikuwa anatikisa kichwa polepole, anapanga atakayouliza. Tulipofika kambini, miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu havitoki. Tulimshika mimi upande huu, Emilian upande ule, mpaka kwenye mtaa wa Ntirampeba.

Kibanda kilikuwa kimevuliwa turubai. Zilibaki fito na udongo. Mafiga yalikuwepo.

Jirani, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, alitoka. "Mnamtafuta mama mrefu? Waliondoka na malori ya kurudi nyumbani. Alhamisi ya baada ya mgao. Mwanawe aliandikisha wote." Akatutazama. "Hakuwaambia? Alisema atamwambia shemeji yake sokoni."

Kanyange hakunitazama. Hilo nalikumbuka. Angeweza kunitazama.

Emilian akasema taratibu, "Mama, imba hata upande wako. Tumefika."

"Nimsalimu nani? Fito?"

Tukarudi.

Hakunilaumu. Miezi ile nilingoja anilaumu. Nilikuwa nikimletea maji, nikisimama mbele yake. Anasema asante. Shambani hakuenda tena, kwa hiyo hata ule wimbo wa matundu sikuusikia.

Mwezi wa kumi na mbili Emilian alikuja Mugoma bila kuitwa. Alikuwa amewaza. Kanyange aimbe upande wake na kuacha nafasi. Kaseti ipelekwe Muyinga, Ntirampeba asikilize, ajibu, yeye Emilian akamate zote mbili kwa mashine nyingine. "Itakuwa nzima," akasema. "Si kamili, lakini nzima."

Kanyange alifikiri siku tatu. Akakubali. Lakini alisema hawezi kusalimia ukuta.

"Baba Rogasian, kaa hapa."

Nikakaa kwenye kigoda mbele yake. Akanishika mikono. Vidole vilikuwa baridi. Emilian akabonyeza. Kanyange akaimba ile ndefu. Akiacha nafasi, alinitazama usoni na kutikisa kichwa, anahesabu pumzi za mwenzake, kisha anaendelea. Aliuliza wajukuu, migomba, ng'ombe mmoja mweupe wa kwao nisiyemjua. Aliuliza habari za mdogo wake kana kwamba angejibiwa. Mimi kimya. Sijui kuimba, na ile si ya wanaume. Tulikuwa tumeoana miaka thelathini na minane na ndiyo mara ya kwanza alinisalimu hivyo.

Mwishoni, pale sauti zinapokuwa moja, aliimba peke yake. Akaniachia mikono.

"Zima," akasema.

Alikufa mwezi wa tatu, mvua zikianza. Kaseti ilikuwa bado kwa Emilian, inangoja mtu wa kuaminika wa kuipeleka. Nikasema nitaipeleka mwenyewe.

Nilivuka Kabanga kiangazi. Emilian alinipa mashine ndogo na betri. Nililala njiani mara mbili, kwa watu wa kanisa. Kilima nilikiuliza mpaka nikakipata. Nyumba mpya ya matofali mabichi, maharage yameanikwa. Ntirampeba alikuwa anapeta. Alikuwa amekonda. Aliponiona aliacha ungo, akaja na mikono mbele, akatazama nyuma yangu.

"Yuko wapi? Miguu imemshinda njiani?"

"Sikuja naye, mama."

"Utamleta lini?"

Nikatua mkoba wa mashine chini. Alielewa. Alirudi akakaa chini karibu na maharage, akajifunika kichwa na kitenge. Nilikaa kando.

Kisha nikamweleza kaseti. Kwamba aliimba akaacha nafasi. Kwamba ajibu tu, niirudishe kwa Emilian, yale yawe kitu kimoja, Wema asikie. Akafikiri. Akasema, "Washa."

Sauti ya Kanyange ikatoka. Ntirampeba alishtuka, akaweka mkono kifuani. Tundu la kwanza lilipita bure. La pili akaingia, amechelewa. Kanyange alikuwa amekwisha kuendelea. Akaingia tena, pumzi ikakatika, sauti ya mashine ikapita juu yake. Nikarudisha mwanzo. Akajaribu. Nikarudisha. Mara ya tatu aliimba vizuri maneno manne, kisha akakohoa, na mashine ikaenda zake.

"Zima, shemeji."

Nikazima.

"Hanisubiri," akasema. "Yeye alikuwa ananisubiri. Nikikohoa, anavuta neno mpaka nimalize. Huyu anapita tu."

"Ni mashine, mama."

"Najua ni mashine."

Alinipa uji. Akauliza kama aliugua sana. Nikasema kiasi. Akauliza alizikwa wapi. Nikasema kwenye migomba, upande wa mlimani.

"Siku ile sokoni," akasema.

"Najua."

"Nilitaka kusema tunaondoka Alhamisi. Nilitaka aje hata Jumatano, tuimbe hata fupi."

"Najua, mama."

"Ningesema kwa nguvu."

"Tulipatana usiseme."

"Tulipatana," akasema.

Nililala hapo siku moja. Asubuhi alinisindikiza mpaka njia kuu. Hakuimba. Tulipeana mikono tu, kama watu wa soko. Mwaka uliofuata mwanawe alipita Kabanga akamwambia Emilian kwamba mama naye amekwenda.

Kaseti nilimrudishia Emilian. Wema niliketi naye mara moja tukaisikiliza. Alisikiliza kwa adabu. Akaniuliza, "Babu, mbona ananyamaza nyamaza?" Nikamweleza. Sijui kama nilieleza vizuri. Alikuwa na mtihani.

Emilian ameiweka kibandani na zingine, rafu ya chini. Kwa mwandiko wake ameandika juu: Mama wa Mugoma, upande mmoja. Nikipita Kabanga namuuliza kama kuna mtu ameiomba.

"Hamna, mzee," anasema, na anapunguza sauti ya spika tuweze kusikilizana.