Siku Bibi Aliporudi kwa Miguu Yake

Harufu ya iodini, dawa ya kusafishia vidonda, hunirudisha utotoni, nyumbani kwa bibi yangu. Kisukari kilikuwa kimeozesha vidole vyake viwili vya mguu. Wanaume walipombeba kwa machela kumpeleka hospitali ya misheni, majirani walinong'ona, "Huyo harudi." Nililia hadi sauti ikakauka.

Daktari alivikata vile vidole, akamwanzishia sindano za kisukari. Kidonda kilipopona, wanaume walikwenda kumchukua, wakarudi na machela tupu. Bibi alikuwa mbele yao, akipanda kilima kwa mkongojo, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, mama! Pumzika kidogo," majirani walimsihi.

"Marahaba. Nimepumzika vya kutosha hospitali. Nipisheni nikaone migomba yangu."

Mama yangu akapiga kigelegele, bonde zima likaitikia.