Nusu Saa ya Mama Libérata

Libérata Umurerwa alikuwa na miaka arobaini na tisa siku muganga alipomwambia ajifunze kukaa bure. Alidhani amesikia vibaya.

Ulikuwa mwezi wa kumi. Mvua ilikuwa imeshika milima ya Kingi, maharagi yalikuwa yametoa majani ya kwanza na palizi ilikuwa imeanza. Siku tatu mfululizo kichwa kilimgonga kana kwamba kuna mtu ndani anatwanga muhogo, na kila alipoinua macho kutoka kwenye udongo aliona nyota mchana kweupe. Asubuhi ya siku ya nne akapitia kituo cha afya, jembe begani, akiwa amepanga kuchukua dawa ya kichwa na kuendelea shambani. Muganga Marcellin, kijana mwembamba mwenye sauti ya upole, alimfunga kitambaa cha kupimia msukumo wa damu kwenye mkono, akaminya kipira, akatazama, akaminya tena.

"Mama, tansion iko juu sana. Unalalaka saa ngapi?"

"Kazi ikiisha."

"Na unapumuzikaka siku gani?"

"Siku ya Mungu, ku misa."

"Ku misa unaikalaka, ao unaimbaka?"

"Naimbaka. Mimi njo mukubwa wa korale."

Marcellin akacheka. Akampa vidonge, akamwambia apunguze chumvi, halafu akaongeza: "Na kila siku, nusu saa, unaikala. Bila jembe, bila mutoto ku mugongo, bila kuchambua maharagi."

"Nitakuwa nafanya nini?"

"Hakuna."

"Hakuna namna gani?"

"Hakuna kitu, Mama. Unatazama milima. Unapumua."

Libérata akaitazama milima kupitia dirishani. Alikuwa ameiona tangu azaliwe, lakini karibu siku zote akiwa na mzigo mgongoni: maji, kuni, magunia ya mavuno, watoto sita mmoja baada ya mwingine. Na katika miaka ya kukimbia vita alibeba godoro lenye sufuria zilizofungwa juu yake, mara tatu kushuka na mara tatu kurudi. Kamba ya kubebea ilikuwa imemchora mstari kwenye paji la uso ambao hakuna mafuta yaliyoweza kuufuta. Hakuwa mtu wa kulalamika. Mwenyewe aliona mgongo umeumbwa kwa kazi hiyo.

Nyumbani alimweleza mume wake, Damien Hakorimana, mtu wa maneno machache na ng'ombe wawili. Damien alisikiliza mpaka mwisho.

"Muganga akisema, fanya," alijibu, akaenda kukata majani ya ng'ombe, bila kujua kwamba neno hilo lingemfikia na yeye.

Siku ya pili, baada ya saa sita, Libérata alitoa kiti kidogo, akakiweka mbele ya mlango, akaketi. Shida ya kwanza ilikuwa mikono. Aliiweka magotini, akajiona kama mtu anayepigwa picha ya kadi ya uchaguzi. Akaikunja kifuani, akajiona kama mtu aliyekasirika. Akaona jani baya limeota kando ya ukuta, akainuka kuling'oa, akakumbuka, akarudi kitini. Kuku akapita akichakura penye mboga zake, akamtupia kijiti bila kuinuka, na hilo aliliona kuwa halali. Alipotazama simu, dakika nne zilikuwa zimepita. Basi akapiga moyo konde, akakaza macho kwenye mlima wa mbali, akaanza kupumua kama alivyoagizwa, kwa nguvu, akiingiza hewa na kuitoa.

Hapo ndipo jirani yake, Mama Agathe, alipopita akitoka kisimani na bidoni ya maji. Alimwona Libérata ameketi mchana, mikono mitupu, macho mbali, kifua kinapanda na kushuka. Agathe akaitua bidoni taratibu.

"Mama Carmel," alisema kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. "Ni nani?"

"Ni nani nini?"

"Niambie tu, dada."

"Hakuna kitu. Nimeikala tu."

Na hilo ndilo jibu hasa analolitoa mtu aliyefiwa na kuzidiwa na uchungu. Agathe alimshika bega, akafuta machozi kwa ncha ya kikwembe alichojifunga, akaondoka mbio huku bidoni ameiacha palepale.

Kabla nusu saa haijaisha, watu walianza kuingia. Walikuja wamama wa shirika, ile jumuiya ndogo ya kanisa, mmoja na kuni, mwingine na unga kwenye beseni, mwingine ameshika kuku miguu juu. Walisalimia kwa kichwa na kuketi chini kimya, kama inavyotakiwa. Alikuja mzee Jean de Dieu, katekista, na kitabu cha nyimbo kwapani. Libérata aliwatazama wote akashindwa kuelewa. Aliwaza labda ni mkutano wa korale aliousahau, akaona haya kuuliza.

Damien alirudi na mzigo wa majani kichwani, akakuta uwanja umejaa watu na hakuna anayesema. Majani yakaanguka. Mawazo yake yalikwenda moja kwa moja kwa Carmel, kifungua mimba wao, aliyeolewa kule Walikale na ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minne.

"Ni Carmel?" aliuliza.

Libérata akasimama. "Carmel iko na nini? Umesikia nini?"

"Wewe njo umesikia nini?"

Wakatazamana. Kwa kitambo hicho kifupi kila mmoja aliamini kwamba mwenzake anaficha habari. Libérata akakaa tena kitini bila kutaka. Damien alitoa simu, akakosea namba mara mbili. Mara ya tatu ikaita. Ikaita sana.

"Alo, Papa?" Sauti ya Carmel ilitoka kinywa kikiwa kimejaa chakula. "Niko nakula. Kuko nini?"

Damien aliikabidhi simu kwa mke wake, akageuka kutazama upande wa ng'ombe, akakohoa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji.

Wa kwanza kucheka alikuwa mzee Jean de Dieu. Alicheka mpaka kitabu cha nyimbo kikaanguka, na wote wakamfuata, isipokuwa Agathe, ambaye alikuwa amejifunika uso.

"Sasa muntu anaikala bure, muchana, na mikono mitupu," alijitetea. "Tungewaza nini?"

Libérata akawaeleza habari ya tansion na nusu saa ya muganga. Alitarajia wamcheke zaidi, lakini kicheko kilipungua. Mama mmoja akasema: "Na mimi kichwa inanigongaka hivyo." Mwingine akasema yeye ni mgongo. Mwingine alisema hajui ni nini, ila anaamka amechoka kuliko alivyolala. Hakuna aliyeondoka. Kwa kuwa unga ulikuwepo na kuku ameshafika, walipika, wakala, na katekista aliwaombea walio hai.

Tangu siku hiyo Agathe akawa anatua bidoni yake saa zilezile na kuketi kando ya Libérata. Wakafuata wengine wawili. Waume wao wakiuliza wanakwenda wapi, walijibu: "Tunaenda ku kilio ya Mama Carmel," wakaenda wakicheka.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipozidi, walihamia ndani, karibu na moto. Walichemsha majani ya mkaratusi na ya muravumba, mmea wa dawa ya mafua, wakajifunika blanketi mmoja mmoja juu ya sufuria, wakatoka na nyuso zinazong'aa na pua zilizofunguka. Siku moja Agathe alimimina maji ya vuguvugu kwenye beseni, akatia chumvi.

"Chumvi kidogo," Libérata akasema. "Muganga amekataza."

"Ya kukula njo amekataza. Leta miguu."

Agathe alisugua visigino vilivyopasuka kama udongo wa kiangazi, akavikausha, akavipaka siagi ya ng'ombe wa Damien. Libérata aliona aibu, kisha aibu ikamtoka. Alijaribu kukumbuka ni lini mtu mwingine aliishika miguu yake, akafika mpaka kwa marehemu mama yake. Usiku huo alilala bila kugeukageuka.

Lakini mwezi wa kwanza ukafika, na pamoja nao mavuno. Maharagi yakikauka hayamngoji mtu, mvua moja tu yanaota ndani ya maganda. Libérata alisema ataikosa nusu saa siku moja. Siku moja ikawa wiki mbili. Vidonge navyo akavisahau juu ya kabati. Mchana mmoja, akiwa katikati ya kupiga maharagi kwa fimbo, dunia ilizunguka, akajikuta ameketi juu ya rundo la mashina, fimbo imemtoka mkononi. Akakaa hivyo mpaka ukungu ulipoondoka machoni, akafikiri hakuna aliyemwona.

Damien alikuwa amemwona. Kesho yake, jua lilipokuwa utosini, alikuja akamchukua fimbo mkononi.

"Enda ukaikale, Mama Carmel."

"Na maharagi?"

"Maharagi iko yangu pia."

Hakuishia hapo. Wiki ile ile alionekana mbele ya nyumba na kinu, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Kazi hiyo hakuwa ameifanya tangu azaliwe, na ilionekana: majani yaliruka nje, mengine yakamnasa ndevuni, na mchi ulimponyoka ukamkosa kidogo kwenye kidole cha mguu. Wanaume waliokuwa wakitoka kuchunga walisimama kutazama.

"Papa Carmel, umekuwa mama?" mmoja akamchokoza.

"Cheka tu," Damien akasema bila kuacha kutwanga. "Mimi nataka kuzeeka na bibi yangu. Wewe utazeeka na nani?"

Yule mtu akaenda zake. Sombe ile ilikuwa na vipande vikubwa vya kutafuna kama majani ya mbuzi. Libérata aliila yote akaramba na sahani, na Damien, aliyeionja na kujua ukweli, alimtazama kwa shukrani. Toka hapo vidonge vilihama kutoka juu ya kabati hadi kando ya kikombe cha chai, na aliyevihamisha hakujitaja. Kabla ya mvua za pili kwisha, tansion ilikuwa imeshuka mpaka Marcellin akapima mara mbili, safari hii kwa furaha.

Mwezi wa saba, mavumbi yameshika njia na asubuhi zina baridi ya kung'ata midomo, Libérata alifunga maharagi na vipande viwili vya jibini ndani ya mfuko, akapanda pikipiki kwenda Walikale kumwona mjukuu. Njia ilimchukua siku mbili. Kilima baada ya kilima kilibaki nyuma, hewa ikawa nzito na yenye joto, na msitu ukafunga pande zote. Carmel alikaa katika nyumba ya mbao. Mume wake alikuwa dereva kwenye mgodi wa Bisie, na wiki hiyo alikuwa kazini. Libérata alimbeba mtoto, akamnusa shingoni, akamrudisha kwa mama yake, na papo hapo mkono wake ukatafuta ufagio.

Carmel akauwahi. "Hapana, Mama."

"Uwanja iko muchafu."

"Iwe muchafu. Papa amenipigia simu. Amesema wewe hauguse kitu wiki nzima."

"Mimi njo nimekuja kukusaidia! Wewe umezaa!"

"Nimezaa tangu mwezi wa tatu. Ikala."

Jioni, jua likiwa bado juu ya miti, Carmel alichemsha maji yenye majani ya mchaichai, akamwongoza mama yake nyuma ya nyumba penye ua wa makuti, akamketisha juu ya kigogo. Alimmwagia maji polepole, akachukua dodoki na sabuni, akaanza kumsugua mgongo. Chini ya mabega ngozi ilikuwa ngumu na nyeusi pale mizigo ilipokuwa ikilala. Carmel alisimamisha mkono.

"Hii ni ya nini?"

"Ni yenu," Libérata akasema. "Hapo juu ni wewe. Chini kidogo ni wadogo zako. Hapo kando ni lile godoro."

Carmel alikuwa na miaka sita safari ya kwanza ya godoro, naye alikumbuka sufuria zilivyokuwa zikigongana njia nzima. Alisugua pale kwa upole zaidi, akamwaga maji, akasugua tena, na Libérata akafumba macho. Machozi yalimtoka kidogo, yakachanganyika na maji ya mchaichai, kisha akaanza kucheka kwa sababu dodoki lilifika mbavuni na lilimtekenya.

"Acha, mutoto we! Acha!"

"Kumbe unatekenyekaka, Mama! Miaka yote hii hatukujua!"

Kesho yake mvua ya msituni ilinyesha tangu alfajiri, nene na ya vuguvugu, ikipiga bati bila kukoma. Libérata alisikia majogoo, akasikia mtoto akilia na kunyamazishwa, akageuka upande wa pili. Alipoamka saa sita ilikuwa imepita. Mjukuu alikuwa amelazwa kifuani pake, naye amelala, na Carmel alikuwa mlangoni, ameweka samaki wa mtoni na ndizi za kuchemsha kwenye sahani.

"Nilikuwa nawaza kukuamusha," alisema.

"Haukuniamusha," Libérata akajibu. "Fanya vile tena kesho."

Akakaa akala, chakula kikiwa bado moto, na mtoto pajani. Alikuwa amekuja kwa wiki moja. Alikaa wiki tatu.