Somo yangu ya Kifaransa iliingia mu sala

Bantu bangu, leo haya ilikuwa karibu kuniua.

Siku hizi najifunza Kifaransa mu telefone, masomo ya kusikiliza.
Leo ku sala ya bamama, kwetu Katuba, bananituma niweke wimbo ku bafle, ile spika kubwa.

Nafinya mbaya.
Mwalimu anatoka na sauti nzito, eti turudilie nyuma yake: «Répétez après moi. Enchantée de faire votre connaissance.»

Bamama bote, macho ya kufunga, banaitika. Na nguvu!
Eti banafurahi kujuana na Mungu, kisha miaka yote ya kusali!

«Très bien. Encore une fois.»
Banarudilia mara ingine. Mumoja analia.

Nazima. Mama prezidenti wabo anafunga sala: «Amina.»
Ananishika mukono: «Mwana yangu, juma ingine ulete tena ule padri. Wa kwetu anasemaka mbio sana.»

Munishauri. Nimuambie ukweli, ao nimuletee somo ya pili?
Iko ya kuagiza kuku ku restora.