Uzi wa Fedha Ambao Haukuyeyuka

Usiku ule wa kuamkia siku ambayo Rehema angewasha bomba jipya kuendeleza kazi ya marehemu baba yake, Mwalimu Sefu, mzee huyo alinijia ndotoni akiwa na nusu ya uso.

Mwalimu alinifundisha fizikia chuoni, kisha akanifanya fundi wake katika kibanda cha majaribio nyuma ya karakana. Tulitafuta nishati ya kuunganisha viini vya atomi, ile waiitayo baridi. Baridi gani, na bomba letu lilitakiwa kuvuka nyuzi joto elfu moja! Nilipomtania alinijibu kwamba jua hutumia mamilioni, basi hii ni baridi, nivae glavu.

Kwenye ndoto hakuna utani. Mlango wa kibanda unavunjika, anaingia, ananikaba ukosi na kunibamiza ukutani. Meza inapinduka, vioo vinatapakaa. Wala sishangai kumwona maiti. Ninachoogopa ni swali lake, kwa sababu nalijua.

"Uzi wangu uko wapi, Hamisi?"

Mwalimu alikuwa mtoto wa sonara. Katika kila jaribio alifunga kwenye bomba uzi mwembamba wa madini ya fedha, ndio kipimo chake cha joto. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi mia tisa sitini na mbili hivi, haibembelezwi. Baadaye tukapata kamera ya kupima joto, nikaipanga mimi. Kamera ile sharti uiambie inatazama kitu gani, maana vitu havitoi joto sawasawa. Mimi nikaacha namba ya chuma kilichosuguliwa, kitoacho joto kidogo, ilhali bomba letu lilikuwa la alumina, jeupe kama kikombe cha kauri.

Ikasoma elfu moja mia tatu. Mwalimu akalia kwa furaha, kwani joto hilo lilizidi umeme tuliotia, basi viini vimeungana! Alipotoka kwenda kusali, bomba likapoa, nikaukuta uzi mzima kama ulivyofungwa. Kamera ilikuwa imedanganya, na aliyeifundisha uongo ni mimi. Nikautia uzi mfukoni. Aliporudi akaukosa, akaamini umeyeyuka. Nilimwonea haya mzee wa watu.

Wiki iliyofuata akajaza unga wa nikeli na chumvi ya lithiamu mara mbili, ili joto lizidi. Gesi ya haidrojeni itokayo kwenye chumvi hiyo ikafurika ndani, bomba likampasukia usoni. Tulimzika bila mtu kufunuliwa uso wake.

Sasa tuko makaburini, na bado tuko kibandani. Rehema amesimama kwenye udongo mbichi, mkono kwenye swichi. Amejaza unga mara tatu. Nakimbilia swichi. Mwalimu ananiangusha, ananikandamiza kifua kwa goti, anapitisha vidole vyake vilivyoungua katikati ya meno yangu. Meno yanavunjika, nayasikia. Anaushika uzi huko kooni na kuvuta. Unatoka na damu, unazidi kutoka, hauishi. Anauzungusha shingoni mwangu na kukaza.

Bomba linapasuka. Rehema anageuka kunitazama, naye ana nusu ya uso.

"Mimi uliniua kwa kunionea haya," Mwalimu ananiambia sikioni. "Mwanangu utamuua kwa lipi?"

Niliamka nimejing'ata ulimi, mto umelowa damu. Kulikuwa kumekucha. Kabatini, ndani ya kiberiti kitupu, uzi ulikuwa palepale nilipoufungia mwaka mzima. Nilikimbilia kibandani bila kunawa.

Rehema alikuwa ameshaziba bomba. Lilikuwa tayari limeunganishwa na umeme.

"Kaka Hamisi, mbona una damu mdomoni?"

Nikaweka kiberiti mbele yake, nikakifungua. Mjukuu wa sonara hakuhitaji kuambiwa kile ni kitu gani. Aliushika uzi, akaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, mwanzo hadi mwisho, akitafuta mahali palipoyeyuka.

"Huu ni wa siku ipi?"

"Siku baba yako alipolia kwa furaha. Joto lile halikuwepo, Rehema. Kamera niliipanga vibaya, nikajua, nikanyamaza."

"Baba alijua?"

"Hakujua."

Alichomoa waya wa umeme kwanza. Kisha akanipiga.