Mieleka ya Jumamosi na Simu ya Mtani Wangu

Kila Ijumaa alasiri binti yangu ananiwashia mieleka kwenye televisheni yake kubwa ya sebuleni, kisha anakwenda zake jikoni akidhani nimepumzika. Sipumziki. Nakasirika. Wanamieleka wa siku hizi wanaongea kuliko wanavyopigana. Mtu anaingia na moshi na mataa na muziki wa kupasua masikio, anashika kipaza sauti, anamtukana mwenzake robo saa nzima, halafu wanapigana dakika tatu, basi, tangazo la sabuni. Na wakianguka, wanaanguka huku wakitafuta kamera iko wapi. Wananichosha. Lakini Ijumaa ijayo nitakaa tena kwenye kochi lilelile, maana ushabiki wa namna yangu hauna kustaafu.

Niliupata Tabora, miaka ya Ujamaa. Bara hatukuwa na televisheni. Tulichokuwa nacho ni ukumbi wa wafanyakazi wa reli, mashine ya kuonyeshea picha iliyokuwa ikinguruma kama cherehani mbovu, na makopo sita ya mikanda ya mieleka. Mieleka yenyewe ilipigwa Ulaya, na tuliambiwa kwamba wenyewe huko huiona kila wiki wakiwa majumbani mwao. Sisi tuliiona Jumamosi saa kumi alasiri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, jasho linatutiririka. Makopo yalikuwa sita, kwa hiyo kila baada ya wiki sita tulianza upya. Tulijua nani atashinda, na bado tulipiga kelele.

Mikanda ilisema Kiingereza, tena Kiingereza cha haraka haraka, hivyo tulikuwa na mtu wa kutueleza. Huyo alikuwa fundi wa karakana ya reli, Mzaramo wa huko Ruvu, mjane asiye na mtoto, aliyeishi peke yake katika kota zetu. Kiingereza chenyewe hakukijua. Alisimama kando ya kitambaa cheupe na fimbo mkononi, akatunga maneno yake mwenyewe. Mwanamieleka mnene mwenye kaptula nyeusi alimwita Kupe, mnyonyaji wa jasho la wakulima, na ukumbi mzima ukaitikia, "Kupe! Kupe!" Mwenyekiti wa tawi alikuwa akikaa mstari wa mbele na alifurahi sana, akasema hiyo ndiyo elimu ya siasa.

Sasa, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Utani huo ni wa tangu misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe kutoka huku mpaka pwani na kupita kwao. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akachukua kuku wako, akakwambia unanuka, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa. Basi fikiria ukumbi uliojaa Wanyamwezi, na Mzaramo mmoja mwenye fimbo.

"Mwangaluka, wapagazi!" alitufungulia kila Jumamosi. Hiyo ni salamu yetu ya asubuhi, na yeye aliitoa saa kumi alasiri makusudi. "Najua kwenu bado hakujapambazuka!"

"Rudi kwenu ukacheze ngoma, mvivu wa pwani!" tulimjibu.

Mimi nilikuwa karani wa simu hapo stesheni. Kazi yangu ilikuwa kupiga na kupokea simu za maandishi, ta-ta-ta kutwa nzima, kutoka Tura, Usoke, Kigoma, mpaka Dar es Salaam. Wafanyakazi wa reli tuliwapigia na salamu zao za nyumbani. Mtani wangu huyo alikuwa na mazoea ya kuja dirishani kwangu kuandikisha simu za mzaha. "Andika: kwa Wanyamwezi wote wa njia ya kati, rudisheni mbuzi wa babu yangu." Nami niliiandika kwenye fomu halali, nikamsomea kwa sauti ya kiofisi, kisha nikaichomeka kwenye msumari wa ukutani. Msumari ule ulikuwa na fomu zake nyingi. Ndiyo starehe tuliyokuwa nayo, maana ilikuwa miaka ya foleni, foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na mtu akirudi nyumbani ana uchovu wa kusimama zaidi kuliko wa kazi.

Nirudi kwenye mieleka, maana hapo nilikuwa na elimu yangu. Watu walibishana kama wale wanapigana kweli au wanaigiza. Ubishi wa kijinga. Wanaigiza, ndiyo, lakini ukibwagwa umebwagwa, na mbao ni mbao. Swali la shabiki mwenye akili ni jingine: ni lini mmoja wao ameumia kweli? Mimi nililijua jibu. Katika kopo la nne kulikuwa na mwanamieleka mwenye kipara. Kipara akipigwa kofi la kifua aliruka, akashika kichwa, akatambaa, akaomba msamaha kwa mikono miwili. Hayo yote ni uongo. Halafu kuna mahali anatua vibaya kwa goti. Hapo haruki wala haombi. Anasimama taratibu, anashika kamba kwa mkono mmoja, anatazama chini, na midomo inacheza kidogo, anamwambia mwenzake kitu. Kuanzia hapo mwenzake anabadilika. Anaendelea kunguruma na kumwinua, lakini anamshusha polepole, kama mtu anayetua mtungi.

Niliigundua baada ya kuliona kopo hilo mara nyingi mno. Nikamweleza mtani wangu. Jumamosi iliyofuata alilitazama kwa makini, kimya, na alipomaliza akaniambia, "Mpagazi wewe, kumbe Mungu alikupa macho." Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwake bila tusi la kuifuata. Nilitembea nayo wiki nzima.

Mwaka ule alianza kukonda. Tulimtania kwamba pwani wamemkatia nazi. Yeye akasema ni foleni ya sukari inayommaliza. Alikwenda zahanati akarudi na vidonge, akasema tumbo, akaendelea na kazi.

Jumanne moja asubuhi alikuja dirishani. Nilikuwa na simu tatu za mizigo zinazongoja.

"Andika," akasema. "Kwa dada yangu, Ruvu. Dada njoo. Naumwa. Wanyamwezi wanataka kunizika kwao."

Nikacheka. Nikachukua fomu. "Tutakuzika miguu juu," nikamwambia, "ili upate kukimbilia kwenu."

"Basi piga upesi, kabla hujaanza kuchimba."

Nikamsomea kwa sauti ya kiofisi, kama kawaida yetu. Akaitikia kwa kichwa. Kaunta yangu ilikuwa na ukingo wa mbao, na yeye alikuwa ameushika kwa mkono mmoja, anatazama chini. Hili naliona sasa. Siku ile niliona tu kwamba leo mzaha wake mfupi. Akaondoka, nami nikaichomeka fomu kwenye msumari, juu ya ile ya mbuzi, nikarudi kwenye simu za mizigo.

Jumamosi alikuja ukumbini, lakini alitueleza mieleka akiwa amekaa kwenye kiti. Sauti ilikuwa ndogo. Wa nyuma wakalalamika kwamba hawasikii, na mimi, shabiki, mwenye elimu yangu, nilikasirika kabisa. Tulikuwa tumengoja wiki nzima. Ilipokwisha nilimfuata nikamwambia, "Leo umelegea. Umetuharibia Kupe wetu."

Akaniuliza, "Dada amejibu?"

"Amejibu," nikasema. "Amesema tukuchinje, yeye hana nafasi."

Akacheka. Alinitazama kidogo, akacheka tena, akaniomba nimshike mkono kushuka ngazi za ukumbi. Nikamshika, huku nikimwambia kwamba mzee wa pwani hata ngazi tatu zinamshinda. Watu walicheka, naye akacheka, na nilimfikisha chini nikamwacha hapo.

Jumatatu alfajiri jirani yake alimkuta amekufa.

Tulimzika siku hiyohiyo alasiri. Kwa kuwa hakuwa na ndugu Tabora, sisi watani tulikuwa na kazi kubwa, na mimi ndiye niliyekuwa mbele. Kwetu mtani hafiki msibani kulia. Anafika kuvuruga. Anaiga mwendo wa marehemu, anawadai wafiwa chakula, anaizuia njia jeneza lisipite. Kwa hiyo jeneza lilipotoka kwenye kota, nililala chali katikati ya njia na kanzu yangu nyeupe, nikapiga kelele: "Hapiti mtu! Huyu ana mzigo wangu, auteremshe kwanza!" Watu wakacheka, hata imamu alifunika mdomo. Nilikuwa nikiifanya vizuri kazi yangu.

Wakati nimelala pale, jirani yake, mama mmoja wa kota, alikuwa amesimama karibu na kichwa changu akizungumza na mwenzake. "Masikini, amekufa akimngoja dada yake," akasema. "Kila treni ya Dar ikipiga honi ananiuliza, nani ameshuka? Namwambia hakuna mtu. Anasema, atakuja tu, simu ilishapigwa, karani mwenyewe ni mtani wangu."

Nikabaki chini.

Nilitaka kuinuka. Niliuona ule msumari na fomu ile juu ya nyingine, hata wino wake niliuona. Kutoka Ruvu mpaka Tabora kwa treni ni siku moja na usiku wake. Jumanne ile ningeipiga, Ijumaa dada angekuwa naye, angempikia uji. Sikulia wala sikusema neno. Nilishika mchanga kwa mkono mmoja nikatazama miguu ya watu.

Wenzangu wa Jumamosi walidhani naigiza. Mmoja akapiga magoti kando yangu, akapiga kofi ardhini kama mwamuzi wa mieleka. "Moja!" Msiba mzima ukaitikia. "Mbili! Tatu!" Walicheka mpaka machozi. Kisha wakanibeba wakaniweka kando ili jeneza lipite, wakasema sijawahi kuigiza vizuri namna ile.

Jioni nilirudi ofisini nikapiga simu ya Ruvu mwenyewe. Ile ya kwanza niliitoa kwenye msumari nikaiweka mfukoni.

Dada alishuka Alhamisi, mwanamke mrefu mwenye kaniki begani na kikapu cha nazi. Nazi zile alikuwa amemletea nani, sijui, maana habari ya kifo alikuwa nayo. Tulikaa naye kwenye mkeka mbele ya kota. Akauliza, kwa upole tu, kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba mdogo wake anaumwa. Yule jirani akasema, lakini mama, si ulipigiwa simu tangu wiki iliyopita? Akasema hapana. Watu wakanigeukia.

Nilitoa fomu mfukoni nikaiweka mkekani. Nikasema yote. Nikasema nilidhani ni utani.

Wenzangu walinitetea. Walisema yeyote angefikiri hivyo, marehemu ndivyo alivyokuwa, hata kufa alikufanyia mzaha. Mimi sikutaka kutetewa. Nilikuwa nikimtazama dada. Yeye naye alikuwa mtani wangu, alikuwa na haki yote ya kunivua nguo kwa matusi mbele ya kota nzima, ya kuniita mpagazi, mchawi, mla maiti, na mimi ningepokea kila neno na kulishukuru. Nilingoja. Alisoma fomu polepole, kidole kikifuata maneno, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kaniki yake.

"Pole kwa msiba, bwana karani," akasema. "Ahsanteni kwa kumzika."

Jumamosi alasiri treni yake ya kurudi Ruvu haikuwa imefika bado. Kule ukumbini walikuwa wakiangalia mieleka bila mtu wa kuwaeleza, na makelele yao yalikuwa yanafika mpaka stesheni. Dada alikuja dirishani kwangu. Nikamwamkia, "Shikamoo, dada," kwa sababu sikujua tena nimwiteje. Akaitikia, "Marahaba, bwana." Kisha akasema niandike, kwa watoto wake, Ruvu: Tumemzika. Narudi kesho.

Nikaandika. Nikamsomea, lakini sauti ya kiofisi haikutoka, ilitoka sauti yangu tu. Akaitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia mdogo wake, na hakuondoka. Alikuwa akiutazama ule msumari wa ukutani na fomu zake zote za mbuzi na wapagazi.

"Hii utaipiga?" akaniuliza.