Zeze la Mzee Kasimiri na Kisanduku cha Fundi Zamda

Saa tatu asubuhi ya Sabasaba, uwanja unaanza kujaa. Nyuma ya jukwaa, Zamda Yahaya amechuchumaa mbele ya amplifaya iliyovuliwa kifuniko. Jiko la mkaa liko pembeni yake na chuma cha kulehemu kinapata moto. Wanaume watano wamemzunguka, kila mmoja akitazama saa yake, utadhani saa ndiyo itakayolehemu.

Mgeni rasmi atafika saa tano. Mashine ya kupaza sauti imezimika tangu alfajiri, na hotuba haiwezi kusomwa kwa mdomo mtupu mbele ya umati huu.

"Bado, fundi?" anauliza Ndugu Lukumani, katibu wa kamati ya maonyesho.

"Ikiwa tayari utaisikia," Zamda anajibu bila kuinua kichwa.

Ana hasira, na hajisumbui kuificha. Mwaka jana, kwenye uwanja huu huu, kamati hii hii ilimchezea shere yeye na mzee wa watu, mpiga zeze, mbele ya kadamnasi. Leo imemfuata nyumbani kwake Mtendeni kwa gari, dereva akibisha mlango na kuita, "Bi Zamda, tuokoe!"

Ana miaka thelathini na sita. Benchi analofanyia kazi barazani kwake aliachiwa na marehemu baba yake, Mzee Yahaya, aliyekuwa akitengeneza saa, santuri na redio. Wateja wapya bado humuuliza kama fundi mwenyewe yupo. "Unamtazama," huwajibu. Wengine hugeuka na redio zao. Mwezi ukiwa mzuri hupata shilingi mia mbili na hamsini, na miezi mizuri ni ya kuhesabu.

Kisa cha zeze kilianzia benchi hilo. Miaka miwili iliyopita Mzee Kasimiri, mkulima kutoka kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Itetemia, alileta redio ya kijiji iliyokufa. Alikuja nayo kwa baiskeli, na zeze lake likining'inia mgongoni. Akisubiri, akalipiga. Zamda alikuwa hatua nne tu kutoka kwake, lakini baiskeli mbili zikipita na mwuza maji akipiga kelele, hakusikia kitu.

"Nikamwambia, shikamoo baba, mbona zeze lako linanong'ona?" anasimulia Zamda. "Akasema, marahaba mwanangu, zeze ni la watu kumi. Zamani tulikuwa watu kumi kuzunguka moto. Sasa tumekusanywa kaya mia tatu, tukikutana ni uwanja mzima. Nikianza kuimba, wa mstari wa tatu wanaanza kuzungumza mambo yao."

Maneno hayo yakamkaa fundi kichwani. Kumwekea mzee maikrofoni kusingefaa. Mpiga zeze huegemeza mdomo wa kibuyu kifuani, akikibana na kukiachia ili sauti igeuke. Sauti nzuri iko humo, kati ya kibuyu na kifua, na maikrofoni ya mbele huokota mikwaruzo ya kucha tu.

Basi Zamda akachukua kichwa cha santuri mbovu, kile kinachoshika sindano, akakigandisha ndani ya kibuyu. Kikaokota kila mtikisiko. Lakini umeme unaotoka humo ni mdogo mno. Ukiupeleka moja kwa moja kwenye amplifaya, unafika umechoka, sauti nyembamba kama ya nzi chupani. Lazima kwanza upite mahali pa kupandishwa kidogo kidogo, bila kuharibiwa.

Mahali hapo ndipo kisanduku kilipozaliwa. Wenye vitabu hukiita priamplifaya. Zamda alikifanya ndani ya kopo la maziwa ya unga, kwa kuwa bati huzuia ule muungurumo wa nyaya za umeme. Transista tatu alizichomoa kwenye redio zilizoshindikana, maana madukani hakuna. Kazi hiyo ilimchukua miezi saba. Mara mbili kisanduku kiliungua, na mara mbili alianza upya.

"Siku kilipokubali, mzee alilia," anasema. "Na mimi nililia. Sioni aibu kusema."

Kisha ikaja Sabasaba ya mwaka jana. Mitambo ilikuwa mikononi mwa Damas, fundi mitambo wa bendi moja ya magitaa, kijana wa suruali pana na maneno mapana zaidi. Zamda alikatazwa kupanda jukwaani kwa kuwa hakuwa na kitambulisho. Akampa Damas kisanduku mkononi, akamweleza waya upi uingie wapi. Damas akacheka. Kopo la maziwa! Akaliweka chini, akachomeka waya wa zeze moja kwa moja kwenye mashine ya gitaa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini kwa Damas kumwuliza mwanamke kulikuwa fedheha.

Sauti haikutoka. Damas akafungua vitufe vyote hadi mwisho, na spika zikapiga mluzi wa kutoboa masikio. Watoto wakaziba masikio, wakubwa wakaangua kicheko. Mzee Kasimiri akabaki kitini, kibuyu kifuani, hajui aweke wapi mikono. Akaambiwa ashuke.

Wiki mbili baadaye kamati ikaandika taarifa yake. Sentensi moja ndani yake Zamda anaijua kwa moyo: "Zeze halina sauti ya kufaa jukwaani." Tangu siku hiyo zeze limefutwa kwenye orodha ya maonyesho ya mkoa. Kijiji cha Mzee Kasimiri kinaombwa kuleta ngoma tu.

"Aliyekosea ni Damas, aliyeandikwa ni mzee," Zamda anasema, na hapo sauti yake inapanda. "Kila siku wanatuimbia utamaduni wetu, utamaduni wetu. Utamaduni ukija na kibuyu, wanaushusha jukwaani. Gitaa likipiga mluzi wanaita fundi. Zeze likipiga mluzi wanaita karani aandike limekufa!"

Saa nne kasoro robo. Zamda anagusa kiungo cha mwisho kwa risasi ya kulehemia, anapuliza, anawasha. Taa nyekundu inawaka. Wanaume watano wanashusha pumzi.

"Ahsante sana, Bi Zamda," anasema Ndugu Lukumani. "Funika, twende kazini."

"Sijaijaribu."

"Si imewaka?"

"Hata jiko linawaka, Ndugu Katibu, na chakula hakijaiva. Baba hakunifundisha kukabidhi chombo sijakijaribu. Mgeni rasmi akikatikiwa katikati ya hotuba, utamtaja nani?"

Katibu anatazama saa yake. Zamda anafungua mfuko wake wa zana na kutoa kopo la maziwa. Anageuka kuelekea walikokaa wapiga ngoma wa kijiji. Mzee Kasimiri yuko kati yao, na zeze lake limefungwa kwenye kanga ya mkewe, Pelagia. Alikuwa ameambiwa na fundi alilete tu, mengine amwachie yeye.

"Baba, njoo unisaidie kujaribu."

Anamkalisha nyuma ya spika, siyo mbele yake, ili kibuyu kisimeze sauti na kuirudisha kuwa mluzi. Anamwambia afungue shati, kibuyu kiguse ngozi. Damas, aliye kwenye mitambo tena mwaka huu, anasogea, mkono ukinyooka kwenye vitufe.

"Ukigusa," Zamda anamwambia taratibu, "mashine utaitengeneza mwenyewe."

Damas anaurudisha mkono mfukoni.

Mzee anapiga uzi mmoja. Sauti inatoka nzito, ya duara, na kule kubanwa na kuachiwa kwa kibuyu kunasikika hadi kwenye miembe ya barabarani. Kisha anaanza kuimba wimbo wa kulima. Watu waliokuwa wanatafuta kivuli wanasimama. Akina mama wa mtaa wa Cheyo wanajibu kibwagizo bila kuombwa. Hakuna anayezungumza mambo yake, hata wa mstari wa mwisho.

"Ratiba haina zeze," ananong'ona Ndugu Lukumani.

"Hii siyo ratiba, ni jaribio."

"Jaribio limetosha!"

"Bado. Mashine haijapata moto."

Jaribio hilo linachukua dakika ishirini. Wimbo unapokwisha, makofi hayakatiki upesi. Mzee Kasimiri anafuta uso kwa kiganja.

"Nilisikia mtu anapiga vizuri kule ng'ambo ya uwanja," anasema. "Nikajiuliza, huyo nani? Kumbe ni mimi."

Hotuba ya mgeni rasmi ilisikika barabara, na mashine haikukohoa. Baada ya sherehe, mwandishi wa makala haya alimwuliza katibu kama zeze sasa litarudishwa kwenye orodha. Alijibu kwamba orodha hupangwa kwa taarifa, na taarifa ya mwaka huu itaeleza kuwa mitambo ilijaribiwa ikafanya kazi. Mzee Kasimiri hatatajwa, kwa kuwa hakuwamo katika ratiba.

Zamda alipoambiwa alipandwa na mori. Alirusha koleo ndani ya mfuko hadi likatoboa kitambaa.

"Umati mzima umesikia, karatasi tu ndiyo kiziwi?"

Kamati itakutana Alhamisi ijayo. Zamda amekwisha kumtumia mzee salamu aje mapema na zeze. Atabeba kisanduku, betri na spika moja ndogo, na atakaa kwenye benchi la nje hadi waitwe. Hataki cheti, hataki kushukuriwa, na kama kuna safari ya Dar es Salaam kwa washindi, wampe wanayempenda.

"Watamsikia humo humo chumbani, mlango umefungwa, hakuna umati wa kumsingizia," anasema. "Halafu waitoe ile taarifa kabatini. Wasiniambie wataifuta baadaye. Nataka nikae pale, mzee akae pembeni yangu, niione kalamu ikipita juu ya yale maneno."