Kahawa Isiyokwisha Kule Al Khoudh

Jamani, mwenzenu mpaka leo nikipita njia ya Al Khoudh najifunika uso kwa kilemba, ilhali nimo garini mwangu na hakuna anayenitazama. Afadhali niseme mwenyewe, maana wenzangu wameshaisimulia habari hii kwenye harusi zote za Maskati na kila mmoja anatia chumvi yake.

Marehemu baba yangu ujanani alikuwa baharia, na huko Amerika mwenzake wa melini akampeleka kutazama besiboli (mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, raundi tisa, wakitoka sare wanaongeza nyingine, na nyingine). Siku ile ikawa sare juu ya sare, jioni ikaingia, meli nayo ina saa yake, ikabidi aondoke. Basi umri wake wote, kila Ijumaa baada ya chakula pale kwetu Ansab, atashika mwiko kama gongo asimulie raundi moja moja, kisha amalizie, "Mpaka leo sijui nani alishinda." Tulikuwa tukimcheka. Angekuwepo sasa ningemsikiliza mara mia.

Munir ni mtoto wa dada yangu. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na babu yake huyo huyo, kwa hiyo posa yake msemaji nikawa mimi. Siku tunayokwenda kuposa akanambia kaipata ile mechi mtandaoni, matangazo ya redio ya zamani, mji ule ule na tarehe ile ile aliyokuwa akiitaja babu. Tukaisikiliza garini, na tunafika kwa wenyewe Al Khoudh raundi ya tisa inakwisha, sare. Munir akaniomba nizime, tutamalizia tukirudi. Nikamwambia nimezima. (Nilitia sikioni kispika kimoja, vile visivyo na waya, nikakishushia kilemba. Hilo ndo kosa langu, mengine yote watoto wake.)

Dada akaingia ndani kwa wanawake na dhahabu zake zote, sisi wanaume tukakaa majlis, chumba cha wageni. Mzee Khalfan, baba wa binti, akatumiminia kahawa kwa mkono wake. Nanyi mnajua kwetu: usipotikisa finjani mwenyeji hawezi kuacha kumimina, na kahawa haijaisha mazungumzo hayaanzi. Mimi akili iko Amerika. Nakunywa, nanyosha finjani, anamimina, nakunywa, nanyosha tena, wazee wa pande zote mbili wanangoja kiu yangu iishe. Munir ananikonyeza, nami namkonyeza, nikidhani ananitia moyo. Mzee akaagiza dele la pili la kahawa.

Nikainama kupokea, kilemba kikalegea, kispika kikaanguka ndani ya kahawa, chubwi, na simu mfukoni ikaanza kupiga kelele kwa Kizungu, mtu anatangaza utadhani nyumba inaungua, na umati unashangilia. Naipapasa ndani ya kanzu, naitoa, kuizima siwezi, nabonyeza kila pahala. Munir kainamisha kichwa. Nikasema moyoni, posa ya mtoto yatima nimeivunja mimi.

Mzee Khalfan akaniuliza ni nini hicho. Uongo mzuri sikuwa nao, nikamweleza kweli, habari ya baba na meli na mwiko. Akaliweka dele chini.

"Iache," akasema. "Tumsikilizie baba yako."

Basi wazee wazima na vilemba vyao tukaizunguka simu juu ya zulia, Munir anatufasiria. Raundi nyingine, sare. Nyingine, sare. Mwisho mtangazaji akasema kiza kimeingia, mpira hauonekani, mechi imevunjwa. Hakuna aliyeshinda.

Nikalia hadharani, mtu mzima na ndevu zangu. Miaka yote ile baba anaona kakosa mwisho, kumbe mwisho wenyewe haukuwapo, na wa kumwambia hayupo.

Mzee Khalfan akangoja nipanguse macho. "Said, mwanangu," akasema, "tikisa finjani basi. Binti anangoja."

Nikatikisa, posa ikakubaliwa, Fatiha ikasomwa. Siku hizi nikialikwa popote simu inabaki garini, na Munir hunikagua masikio mlangoni mbele za watu. Lakini Ijumaa baada ya chakula mwiko nnashika mimi, na watoto wakiniuliza nani alishinda, nawaambia waniletee kahawa kwanza.